Kuugulia Nyumbani kwa Mke

Wewe uliyeambiwa kwamba mitoki imepanda kichwani, keti kwanza. Sikupi pole. Pole nilipewa nyingi mno wakati wangu, nyingine mpaka leo sijazifungua.

Naandika kwa Kiswahili ingawa mimi ni mtu wa Mutsamudu, na kwetu tuna lugha yetu. Kiswahili nilikiokota Unguja, ujanani, nikifanya udalali, na jina la ugonjwa huu nililisikia mara ya kwanza kwa Kiswahili, wodini Dar es Salaam: saratani ya mitoki, yale matezi yanayovimba shingoni na kwapani. Tuliolazwa pamoja tuliahidiana kwamba atakayepona atawaeleza wengine ilikuwaje. Mimi niliahidi upesi kuliko wote, kwa sababu sikudhani kwamba ahadi ile itanifikia. Habari za dawa na namna zinavyofanya kazi waulize wenye elimu yao. Mimi nitakueleza benchi, mgongo, na jamaa.

Huko Dar walinichoma sindano za mkono. Nywele zikaondoka, vidole vya miguu vikafa ganzi, na mitoki ya shingoni ikayeyuka kama sukari guru kwenye chai. Nikarudi Moroni, kisiwa kingine, nyumbani kwa mke wangu Sitti, shingo nyembamba na maneno mengi. Uhuru ulipotangazwa nilikuwa na nywele laini kama za mtoto wa siku arubaini. Nilisimama bangwe, kile kiwanja ambapo wanaume wa mji hukutana, nikawaambia watu: ugonjwa nao umefungasha, umeondoka na Wafaransa.

Haukuondoka. Walioondoka ni madaktari.

Kashkazi iliyofuata, asubuhi moja ya mvua, nilikuwa nakunywa chai. Sitti akanitazama.

"Bwana, unaimwagia kanzu."

"Kikombe kinavuja."

Akakichukua, akakigeuza akatazama chini yake, akajaza chai akanywa yeye. "Hakivuji."

Nikaenda kwenye kioo. Upande wa kushoto wa uso wangu ulikuwa umelala. Nikajaribu kutabasamu, nikatabasamu nusu; sura ya mtu anayekubali bei huku akijua anaibiwa. Ilipofika adhuhuri nikaanza kuona watu wawili wawili. Maisha yangu yote mimi ni mtu wa kuhesabu kitu mara mbili, soko ndilo lililonifunza. Sasa macho yalikuwa yananihesabia yenyewe, na jibu halikuwa sahihi hata mara moja.

Majirani walisema ni upepo mbaya, nimepita mahali saa isiyo yake. Nikaletewa kombe, maneno matukufu yaliyoandikwa sahanini kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ya waridi, nikanywa lote. Kisha nikaenda hospitali. Mtu ataniuliza ni lipi nililoliamini. Dalali hamfukuzi mteja wa kwanza eti kwa sababu wa pili amebisha hodi.

Hospitali ya siku zile uijue kwanza. Serikali mpya ilikuwa ya vijana. Ofisi nyingi zilikuwa zimefungwa, makaratasi yamechomwa moto, makarani wameambiwa warudi kwao wakalime. Ukija kutibiwa, uje na shuka lako, ndoo yako ya maji, na mtu wa kukufagilia chini ya kitanda. Daktari aliyenishughulikia alikuwa mwanamke mgeni, mwembamba, aliyesema Kifaransa kibaya kuliko changu, jambo ambalo lilinipa faraja. Pamoja naye alikuwapo muuguzi mmoja, Hadija, aliyefanya kazi ya watu watano na kusema maneno ya nusu mtu.

Benchi lilikuwa la ubao, ukutani, mkabala na mlango wa daktari. Siku ya kwanza nilimkuta pale Bakari, mtu wa Itsandra, zamani karani wa forodha.

"Wewe una nini?" akaniuliza.

"Mitoki. Na wewe?"

"Mitoki. Yako imepanda?"

"Ndiyo nimekuja kuulizia. Yako?"

"Imepanda. Mlango ule mimi naiona miwili."

"Ukiitwa usiingie ule wa kushoto," nikamwambia. "Mimi nimeutazama sana, si wa kweli."

Tulicheka mpaka Hadija akatoka kuona nani amekufa.

Kuhusu sindano ya mgongoni, ile ya kutoa maji ya kupima, nitakwambia kweli ili usije ukadanganywa na wanaosema haiumi wala na wanaosema inaua. Unalala ubavu, unajikunja magoti kifuani kama mtoto tumboni. Muuguzi anakushika shingo na magoti usinyooke. Kitu cha baridi kinapakwa mgongoni. Kisha unasukumwa, si kuchomwa, kusukumwa, kama mtu anayejaribu kufungua mlango uliovimba kwa mvua. Mara nyingine umeme mfupi hukimbia mguuni. Sema, usivumilie kishujaa. Kisha unasikia maji yakidondoka kwenye kichupa. Ni maji yako, ya ndani ya uti wa mgongo, yale yale yanayozunguka ubongo. Daktari alikiinua kichupa dirishani. Mimi niliona maji safi kama ya zamzam. Yeye akakipeleka kwenye darubini.

Siku ya jibu nilimkabili.

"Yana uchafu wa ugonjwa," akasema. "Umefika kichwani."

"Kuna wanaopona?"

"Wapo."

"Wengi?"

"Wachache."

"Wachache kama vidole vya mkono, au wachache kama nywele zangu?"

Akakitazama kichwa changu kwa muda. "Nitakutia dawa humo humo mgongoni, mara mbili kila wiki, mpaka maji yawe safi. Yakiwa safi, mara moja kwa wiki. Halafu mara moja kwa mwezi. Ukikatiza, ugonjwa unarudi."

"Nikikosa moja tu?"

"Bwana Saindu, hapa si sokoni."

"Daktari, kila mahali ni sokoni."

"Basi hii ndiyo bei ya mwisho."

Sentensi hiyo nimewaambia watu tangu nilipoota ndevu, na sikuwa nimekutana na mtu anayeisema kweli. Nilitoka mle nikakaa karibu na Bakari mpaka tukagusana mabega, nikamwambia ni baridi.

Ikawa Jumatatu na Alhamisi. Baada ya sindano unalazwa chali bila mto; ukiinuka mapema kichwa kinakulipa. Vidonge walivyoniongezea vilinipa njaa ya mhamali na uso wa mviringo kama sinia. Kisha dawa ikanitoa vidonda kinywani, na ile njaa nikabaki nayo mlangoni: tumbo linataka, mdomo unakataa. Sitti alinipikia uji wa mchele kwa tui jepesi, akaupoza mpaka uwe kama maji ya mtungi. Jicho la kushoto halikuweza kujifunga, kwa hiyo kila jioni alilipaka mafuta niliyopewa na kulifunga kwa kitambaa, la sivyo lingekauka wazi kama jicho la samaki sokoni. Kila asubuhi kabla ya kusema neno nilijikagua: midomo, vidole, majina ya watoto wangu, jina la baba. Nikimaliza naanza upya. Na kila jibu la darubini lilikuwa lile lile: bado.

Sasa habari zilikuwa zimefika Mutsamudu, kisiwani kwetu.

Lazima ujue desturi yetu, maana ndiyo iliyotaka kunimaliza na ndiyo iliyoniokoa. Visiwani kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mume huingia na nguo zake. Hata akikaa miaka thelathini ni mgeni ambaye hajaaga. Ugonjwa wake ukiwa mzito, watu wake huja kumchukua akalale kwa mama yake, na kama mama hayupo, kwa dada yake. Jambo hilo halikuandikwa popote, kwa hiyo hata serikali iliyochoma makaratasi yote haikupata cha kuchoma.

Dada yangu mkubwa, Zalihata, alifika kwa boti, kwa kuwa ndege ya Ouani, uwanja wa kwetu, haikuwa na mafuta. Aliingia amejifunika shiromani yake nyekundu, ile nguo kubwa ya wanawake wa kwetu, uso umempauka kwa kichefuchefu cha bahari, na hakuketi.

"Wifi, nimekuja kumchukua ndugu yangu akapunge hewa."

"Hewa ya hapa ina nini, dada?" Sitti akauliza, taratibu.

"Haina kitu. Ila ile ni ya kwao."

Nikaingilia. "Dada, nina sindano Alhamisi."

"Mutsamudu nako kuna hospitali."

"Dawa hii haipo huko. Hii yenyewe inatoka Dar."

"Mungu yupo."

"Yupo. Na hapa Moroni nimemwona."

"Saindu, usinibishie mbele za watu."

Nikapunguza. Nikasema twende baada ya Alhamisi. Akakataa. Nikasema maji yakiwa safi. Akakataa. Nikasema basi tungoje mvua ipungue, mgonjwa asilowe. Akasema hewa haingoji. Nikamgeukia Sitti, nikijua kwamba yeye ndiye mwenye nyumba na neno lake litatosha. Sitti alikuwa ameinama, anakunja kanzu zangu na kuzipanga kapuni.

Hapo ndipo nilipoumia, kuliko sindano. Dada alipokwenda kuswali alasiri, nilimwuliza, "Umenichoka?"

"Bwana, likikupata hapa watasema nilikuficha. Watasema nilikung'ang'ania, ndugu zako wakaja kuchukua mwili. Neno hilo nitaishi nalo, na binti zetu watarithi."

"Nani amesema nitakufa?"

"Hakuna aliyesema."

"Basi?"

"Basi ndiyo maana naogopa."

Daktari alipoambiwa aliweka kalamu chini. Hakugomba. Alisema tu, "Njoo Alhamisi." Alhamisi nilikuwa baharini, nimelala kati ya magunia.

Mutsamudu walinilaza chumba cha ndani cha nyumba ya dada, katika kichochoro chembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana lazima mmoja awe na adabu. Kitanda kilikuwa kimegeuzwa, nielekee kibla. Nikamwuliza dada kwa nini. Akasema upande ule kuna upepo mzuri. Nikautazama ukuta kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Haukuwa na dirisha.

Wakaanza kuja. Kwanza majirani, halafu wafanyabiashara wenzangu wa bandarini, wote kwa nguo safi na sauti za chini. Kila mmoja anakaa ukingoni mwa kitanda, anashika mkono wangu, anasema: kama kuna neno nimekukosea, nipe radhi. Unajua maana yake. Mtu mzima wa afya haombwi radhi na mji mzima kwa siku moja.

Akaja Kombo wa Mirontsy, dalali mwenzangu, tuliyegombea wateja tangu ujana. Alikuwa analia tayari kabla hajakaa.

"Saindu, ndugu yangu. Kama kuna neno."

"Neno gani?"

"Lolote."

"Litaje."

Wazee waliokuwa chumbani wakakohoa. Mmoja akasema, "Mgonjwa, sema nimekusamehe, moyo wako upumzike."

"Mimi kwa jumla sisamehe," nikasema. "Nasamehe kwa rejareja. Ataje moja moja."

Kombo akapangusa pua. Akataja kwamba aliwahi kumwambia mteja wangu mizani yangu imepinda. Nikakunja kidole kimoja. Akataja kwamba aliwaambia watu wa Mirontsy kuwa Unguja sikufanya biashara, nilifungwa.

"Lile la gerezani lilikuwa lako?"

"Langu."

"Miaka yote mimi nilidhani ni la shemeji yako."

"Nisamehe, Saindu."

"Njoo mwezi ujao. Nitakuwa nimefikiri."

Dada alikuwa pembeni, amejiziba mdomo kwa shiromani, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alipoondoa nguo nikaona anacheka, tena kile kicheko cha utotoni kinachomtoa machozi. Lakini mimi sikuwa nafanya mzaha wote. Niliona wazi kwamba nikishamaliza kuwasamehe watu wa Mutsamudu, sitakuwa na kazi nyingine iliyobaki hapa duniani.

Alhamisi ilikuwa imepita. Jumatatu ikapita. Maua ya mlangilangi yalikuwa yanapikwa vilimani kutolewa mafuta ya marashi, na harufu ile ambayo wageni huinunua kwa fedha ya kigeni iliingia vichochoroni ikanitapisha. Kisha nikawa natapika hata bila harufu, ghafla, asubuhi, bila kichefuchefu, kama mtungi uliosukumwa. Kichwa kiliuma kutokea ndani kwenda nje. Mguu wa kushoto ukaanza kuburura. Siku moja dada alikuwa ananilisha, nikamwambia, "Mama, inatosha."

Akashusha kijiko. Mama yetu amekufa siku nyingi.

"Saindu, ulipokuwa unachomwa zile sindano ulikuwa unatapika hivi?"

"Hapana."

"Ulikuwa unaniita mama?"

"Nimekuita mama?"

Alikaa akitazama uji unavyoganda. Kisha akasema, "Nikikurudisha kule, watu watasema Zalihata amemtupa nduguye nyumba ya watu."

"Waseme."

"Atakayewasikia si wewe. Ni mimi."

Kila nilichokuwa nacho cha kupatana kilikuwa kimekwisha.

Asubuhi yake nilimwona anafunga godoro kwa kamba. Godoro, mto, mkeka wake wa kuswalia, sufuria yake ndogo.

"Unahama?" nikamwuliza.

"Nakwenda nawe. Pale nitakapotandika mimi ndipo kwetu. La kutokea likitokea, litatokea kwenye godoro langu, na mtu aje aniambie si kwao."

Ndugu msomaji, mpaka siku ile hakuna mtu wa Mutsamudu aliyekuwa amelitaja hilo la kufa kwangu, kwa sauti, mbele yangu. Nilitegemea nitaogopa zaidi. Badala yake nilijisikia kama mtu aliyebeba gunia peke yake, mwenzake akaja akashika ncha ya pili.

Bandarini palihitajika ruhusa ya kamati ya vijana. Mezani alikaa msichana mwenye suruali na kalamu mbili.

"Safari ya nini, bibi?"

Dada akaeleza yote, kwa mke, kwa dada, godoro. Msichana akapandisha nyusi.

"Bibi, mambo ya nyumba ya nani na nyumba ya nani yamekwisha. Mapinduzi yameyafuta."

"Yamefutwa?"

"Yote."

"Alhamdulillahi," akasema dada yangu, ambaye mapinduzi hayo alikuwa ameyalaani tangu alfajiri. "Basi niandikie karatasi, mwanangu, nikamtandikie popote."

Akaandikiwa. Wengi waliumizwa na serikali ile, Bakari mmoja wao, nami siwezi kuwasemea. Karatasi ile peke yake nitaishukuru.

Moroni, Sitti alitukuta mlangoni. Alinitazama mimi, nilivyoshikiliwa na wachukuzi wawili, halafu akalitazama godoro. Dada akasema, "Wifi, nimekuja kukaa." Hakuna mwanamke wa Moroni aliyewahi kuambiwa neno kama lile na wifi yake akafurahi. Nilimwona Sitti anavyolipima. Kisha akaingia ndani, akavuta sanduku lake la nguo kutoka ile pembe nzuri yenye dirisha, akaifagia.

"Karibu kwenu," akasema.

Daktari alinimulika macho, akanigonga magoti, akasema, "Sasa hatuko mwanzo. Tuko nyuma ya mwanzo." Nikajikunja ubavu bila kuulizwa. Sikumwomba apunguze kitu.

Wiki zile sikumbuki zote. Nakumbuka mikono. Mkono wa Sitti ulikuwa mwepesi, wa dada mzito. Usiku wa homa nilijua nani yuko bila kufumbua jicho. Nakumbuka waligombana juu ya chumvi ya uji, juu ya shuka, juu ya nani anijibie wageni. "Wifi, huyu hapendi mdalasini." "Wifi, mimi nimeishi naye miaka ishirini." "Na mimi nilimwogesha kabla hajajua kukaa." Nilipenda sana ugomvi ule. Wanawake hawagombani juu ya chumvi ya maiti. Ramadhani ikaingia, wao wamefunga, mimi nalishwa mchana kweupe kama mtoto, nikiona haya, na kila mmoja akinihimiza huku midomo yake imekauka.

Bakari maji yake yalisafika kabla yangu. Alitembea kutoka Itsandra kila siku ya sindano, hakukosa hata moja, na alikuwa ananitania kwamba forodhani walimfunza kufika kwa wakati na udalali ulinifunza kutoroka. Kusi ilipoanza kuvuma, kabla ya mfungo, Jumatatu moja hakuwapo benchini. Nikamwuliza Hadija.

"Amekwenda," akasema.

"Alikatiza?"

"Hakukatiza."

Nilirudi nyumbani nisimwambie mtu. Nakwambia wewe, kwa sababu utakutana na watu watakaokupa hesabu safi: fanya hivi utapona, kosa hivi utakufa. Mimi nilikosa, nipo. Yeye hakukosa. Nimeijumlisha hesabu hiyo tangu mbele na tangu nyuma, haitoki. Lakini usikose sindano. Sijui kwa nini mimi niliachwa, na nisingependa wewe ujaribu.

Siku aliyotoka daktari mwenyewe mpaka benchini, badala ya kuniita ndani, nilishika ubao kwa mikono miwili.

"Safi," akasema.

"Rudia."

"Safi."

"Tazama tena, daktari. Usije ukawa umechukua kichupa cha mtu."

"Nimetazama mara mbili. Nimeshakuzoea."

Wiki iliyofuata yakawa safi tena, na ile iliyofuata. Sijui kama nilifurahi. Mtu aliyezoea kusikia "bado" akipewa "safi" huipokea kama noti mpya asiyoiamini, huiangalia kwenye mwanga. Nilikuwa naamka nikijikagua vile vile, midomo, vidole, majina. Mpaka leo najikagua. Uso wangu ulirudi, haukurudi wote. Wanaonifahamu husema ninaonekana kama mtu anayefikiria mzaha. Sikio la kushoto halisikii. Nyayo hazijui kama nimevaa viatu. Majina ya watu hunikimbia, nawaita wote "tajiri," na hakuna aliyelalamika. Daktari sikumsikia hata mara moja akisema nimepona. Husema, "Njoo mwezi ujao," nami nimejifunza kuona kwamba hilo nalo ni neno zuri.

Chukua haya machache. Lala chali baada ya sindano hata kama unajisikia shujaa. Funga jicho lisilojifunga. Uji upoze. Na wale wanaokupenda, waache waliseme neno wanaloliogopa. Likishatoka huwa dogo kuliko lilivyokuwa ndani.

Sindano ilipohamia kuwa ya kila mwezi, dada Zalihata alifunga godoro lake kwa kamba ile ile ya katani.

"Kaa mpaka Idi ya kuchinja, wifi," Sitti akamwambia, na macho yake yalikuwa mekundu kweli.

"Nyumba yangu imeachiwa panya."

Nilimsindikiza bandarini, nikitembea kwa fimbo juu ya yale mawe meusi. Mama alikuwa akitukataza kugeuka nyuma tunapoondoka. Isipokuwa, alisema, kwa mtu ambaye hutarajii kumwona tena. Huyo geuka, mtazame ushibe. Tulipokuwa tunapanda boti kuja Moroni, mimi na dada, hatukuwa na haja ya kugeuka, tulikuwa pamoja. Sasa anaondoka peke yake, na yeye ananijua kuliko darubini. Alikuwa amenifulia, amenilisha, ameisikia pumzi yangu miezi yote ile. Kama kuna kitu ambacho daktari hakukiona, dada amekiona.

Nilisimama nikimtazama kwa jicho langu zuri. Alishuka ngazi. Akateleza kidogo, mtu akamshika mkono. Godoro likapitishwa juu ya vichwa vya watu. Nilitaka kuuona uso wake, na nilikuwa naomba kwa moyo wote nisiuone. Mashine ikaunguruma. Dada akapita katikati ya abiria, akakaa, akanipa mgongo, akaanza kugombana na mtu aliyeweka kapu lake juu ya godoro letu.